Chuo Alichokitafuta Mbelu

Tangu darasa la nne la sekondari, Mbelu Tshiamala alikuwa na swali moja alilowauliza wanafunzi wote wa chuo kikuu waliorudi Kolwezi likizo: huko kwenu mnaishije? Wengine walimjibu habari za maprofesa, wengine habari za vyumba na maji. Mbelu aliwasikiliza kwa adabu, kisha akauliza tena. Siku ya Jumamosi mnafanya nini? Kuna kwaya? Kuna michezo ya kuigiza? Wanaofanya vizuri darasani ndio hao hao wanaocheza, au wako mbalimbali? Majibu aliyaandika katika daftari lenye jalada la bluu, kila chuo na ukurasa wake.

Katika daftari hilo kulikuwa na vyuo vikali ambako mwanafunzi alifungiwa kama mtawa. Kulikuwa na vyuo vya raha, ambako kila mtu aliingia na wachache walitoka na cheti. Alichokitafuta Mbelu kilikuwa katikati, chuo kinachochuja watu kwa akili na bado kinawaacha wawe vijana. Kwa miaka miwili ukurasa wa chuo cha namna hiyo ulikaa mtupu.

Sababu ya kutafuta hivyo ilikuwa nyumbani. Walikaa mtaa wa Dilala, katika zile nyumba za matofali zilizojengwa zamani na kampuni ya migodi, ambako babu yake alifikia alipoletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba yake, Tata Kabeya, alikuwa fundi wa maabara mgodini, mtu wa kupima mawe na kuandika tarakimu. Mtoto wake wa kwanza, Modeste, alikuwa amempeleka chuo kikuu akiwa na matumaini makubwa. Modeste alikaa huko miaka sita. Akacheza basketi, akapiga gitaa katika bendi, akachaguliwa kuongoza wanafunzi, akapita katika migomo mitatu, kisha akarudi mikono mitupu. Sasa alikuwa miongoni mwa vijana wanaochimba kobalti kwa mikono yao nje ya mji, na alipokuja kula Jumapili, vumbi jekundu lilikuwa limemkaa hata masikioni.

Tata Kabeya hakumgombeza Modeste. Alimgeukia Mbelu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili tu wakati huo.

"Modeste alianza na basketi," akamwambia. "Weye utaanza na hesabu, na utamaliza na hesabu."

Kuanzia siku hiyo Mbelu hakwenda sherehe, hakuimba, hakucheza. Aliporudi kutoka shule alikula, akaosha vyombo, akasoma. Hakuasi. Alijiambia kwamba maisha yapo, yanamngoja mbele, na kwamba kila kicheko anachokiacha leo atakicheka huko. Msichana mwingine angekonda kwa huzuni, ila Mbelu alinawiri kwa kungoja.

Dirisha lake la kutazamia maisha lilikuwa Princesse Kaumba, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwao. Baba yake Princesse alikwisha kufa, na mama yake, Mama Florentine, aliuza samaki wakavu sokoni. Princesse aliimba kwaya ya parokia, alicheza basketi, alijua majina ya kila mtu mtaani na ya mbwa wao. Hesabu tu ndiyo iliyomshinda. Kwa hiyo kila jioni baada ya mazoezi ya kwaya alikuja kwa kina Mbelu, jasho likiwa bado shingoni, akakaa mezani, na kabla ya kufungua kitabu alimsimulia mwenzake yote yaliyotokea: nani alikosea sauti, nani alimkanyaga nani mguu, Glodi mwalimu wa kwaya alikasirika vipi hata akavunja fimbo yake ya kuongozea. Mbelu alicheka mpaka machozi. Kisha walifanya hesabu. Kwaya nzima aliijua hivyo, kwa kusimuliwa.

Siku moja ya Pasaka akaja Wivine, binti wa shangazi yake Princesse, ambaye alikuwa mwaka wa tatu Lubumbashi katika chuo kidogo cha mapadri. Jina kamili la chuo lilikuwa refu la mtakatifu, lakini wanafunzi walikiita Anselme.

"Banachunga sana," Wivine alisema. "Bantu mia ine banaomba, banakamata makumi sita tu. Profesa anaingia saa mbili kamili. Mugomo haiko."

"Na mangaribi?" Mbelu akauliza, maana jioni na Jumamosi ndizo alizozitaka. "Na Samedi?"

Wivine akacheka. "Samedi njo siku yetu! Kuko teatre, kuko basketi, kuko kwaya inaenda kuimba mpaka Likasi. Bibliyoteke inabaki wazi mpaka saa tatu ya bushiku, na kule inje bantu beko bananywa chai na kubishana. Pale, dada, unasoma mpaka kichwa inauma, kisha unacheka mpaka tumbo inauma."

Mbelu alimuuliza maswali mpaka Mama Florentine akasema amwache mgeni ale. Usiku huo ukurasa mtupu ulijaa mbele na nyuma.

Asubuhi alimwendea Princesse na kumwambia, "Tutaenda bote."

"Mi? Anselme? Na hesabu yangu hii?"

"Nitakufundisha. Kuko mwaka muzima."

Princesse hakuwahi kuota chuo kikuu. Alifikiri angejifunza uuguzi, au angeuza samaki na mama yake. Lakini kupendwa hivyo na mtu kunavuta, na kadiri miezi ilivyopita, naye akaanza kusema "kule kwetu Anselme" kana kwamba alikwisha kulala huko. Mbelu alimfundisha mwaka mzima. Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, Mbelu alipata asilimia themanini na moja, Princesse sitini na tatu. Mtaa mzima uliwamwagia poda vichwani, kama wanavyofanyiwa wanaofaulu, wakatembea weupe kama mizuka mpaka barabara ya lami, pikipiki zikiwapigia honi.

Tata Kabeya alikikubali Anselme mara moja, kwa sababu ya mapadri na kwa sababu kinachuja. Habari za Jumamosi hakuambiwa. Kwa Princesse mambo yalikuwa membamba zaidi. Mjomba wake Samy, mfanyabiashara wa Dilolo mpakani mwa Angola, alituma neno: mapadri wakimkubali, nitamsomesha, wakimkataa, aje huku anisaidie dukani. Hapakuwa na chuo cha pili.

Wakapanda basi la alfajiri, wakafuata malori ya madini njia nzima, Fungurume, Likasi, mpaka Lubumbashi, wakalala kwa Wivine. Kesho yake Wivine aliwatembeza Anselme. Mbelu aliona uwanja wa basketi wenye nyavu nzima. Aliona wasichana wawili wamelala kwenye majani, mmoja akimsomea mwenzake kitabu cha kemia kwa sauti ya padri anayehubiri, na wote wawili wanacheka. Kutoka ukumbini kulisikika kwaya ikirudia mstari mmoja tena na tena. Alisimama pale mpaka Princesse akamvuta mkono.

"Njo hapa," Mbelu alisema. Alimaanisha ndipo hapa alipopatafuta.

Mtihani wa maandishi haukumsumbua. Orodha ya walioitwa kwa mahojiano ilipobandikwa, watu mia moja, jina lake lilikuwa la tatu. La Princesse lilikuwa la themanini na nane. Princesse alipiga yowe, akamkumbatia, akamzungusha mbele ya watu.

Mahojiano yalifanyika mchana uleule katika vyumba kadhaa, na wote wawili walipangiwa kimoja. Walikaa kwenye benchi katika ujia mrefu, wakiitwa kwa mpangilio wa majina ya ukoo. Kijana mmoja alitoka chumbani uso umemshuka. Wenzake wakamuuliza, akasema, "Baliniuliza mi ni nani inje ya masomo. Nikabaambia minasoma tu. Yule mama profesa akaangalia dirisha."

Maneno hayo yalimwingia Mbelu kama maji baridi. Alikuwa amewauliza watu swali la namna hiyo miaka mitatu, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angeulizwa yeye. Alijaribu kutafuta la kusema. Alitafuta katika miaka sita tangu akatazwe na baba, akakuta meza, taa, na vitabu.

Princesse aliitwa, akakaa ndani muda mrefu. Kicheko kilisikika, cha wanaume na cha mwanamke. Alipotoka alikuwa anang'aa.

"Beko bantu bazuri!" akamnong'oneza. "Na weye, nimekusifu pale, haujue tu!"

"Umebaambia nini?"

Lakini karani alikwisha kuita jina lingine, akawaomba wanyamaze, na waliokwisha kuhojiwa wakangojee nje uani. Princesse akaenda huku akimpungia mkono.

Zamu ya Mbelu ilifika karibu na jioni. Ndani kulikuwa na padri mmoja mwenye mvi, kijana aliyekuwa akiandika, na katikati Profesa Laurentine, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Walizungumza naye Kifaransa. Walimpongeza. Walimpa tatizo la fizikia, akalitatua ubaoni kabla padri hajamaliza kulisoma, na padri akacheka kwa furaha.

"Hilo limetosha," Profesa Laurentine alisema. "Sasa tuambie, binti. Ukitoka darasani, wewe ni nani?"

Kama angesema kweli, pengine angesema: mimi ni mtu aliyezuiwa, na ndiyo maana nimekuja hapa. Maneno hayo yalimjia baadaye, mara nyingi, mpaka akayachoka. Pale chumbani alimwona tu yule kijana wa benchi na uso wake ulioshuka.

"Ninaimba kwaya," akasema.

"Ah. Wapi?"

"Parokia yetu, Dilala."

"Sauti gani?"

"Ya kwanza. Soprano."

Profesa alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Akamtazama padri, kisha akasema taratibu, "Basi unaimba pamoja na Princesse Kaumba."

"Ndiyo, mama."

"Princesse ametusimulia habari zako. Alisema kila jioni alitoka kwaya akaja kwenu, nawe ukamfundisha hesabu, kwa sababu baba yako hakukuruhusu kuimba. Alituambia kwamba bila wewe yeye asingefika hapa. Ilitugusa, nakwambia kweli. Tulikuwa tunakungoja." Alivaa tena miwani. "Kwa hiyo labda hukunielewa vizuri. Nikuulize tena?"

Mlango uliachwa wazi namna hiyo, na Mbelu aliuona. Masikio yalimwaka moto. Kurudi nyuma, mbele ya watu watatu, kulimshinda.

"Princesse amekosea," akasema. Halafu akaongeza, "Princesse amesema uongo. Anapenda kujionyesha yeye peke yake."

Kijana aliacha kuandika. Padri alitazama mikono yake.

"Asante," Profesa Laurentine alisema. "Kangoje nje. Usiende uani, kaa hapohapo kwenye benchi."

Mbelu alikaa. Baada ya dakika chache karani alimleta Princesse kutoka uani, akampitisha mbele yake. Princesse alimkonyeza akiingia, akidhani ni jambo jema. Safari hii hakukuwa na kicheko. Alipotoka hakukonyeza. Alikaa kwenye benchi kando ya Mbelu, akaulaza mkono wake juu ya mkono wa mwenzake, na wakakaa hivyo mpaka karani akaja kufunga madirisha.

Orodha ya watu sitini ilibandikwa asubuhi iliyofuata. Mbelu aliisoma kutoka juu kwenda chini. Princesse aliisoma kutoka chini kwenda juu. Walikutana katikati, na hakuna aliyekuwemo.

Wivine alikasirika kwa niaba yao. "Wa tatu! Wa tatu inaangukaka namna gani?" Alitaka kwenda kuuliza ofisini. Princesse alimkataza kwa ukali ambao Mbelu hakuwahi kuusikia kwake.

Kwenye basi la kurudi, Princesse alikaa upande wa dirisha. Baada ya Likasi, Mbelu akauliza, "Balikuuliza nini?"

"Balisema mwenzako anasema anaimba, weye unasema haimbi. Nani anadanganya?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni miye. Nikasema unaimba." Alikuwa anatazama nje, lori lililokuwa mbele likiwamwagia vumbi. "Bakapigia Glodi telefone, nambari yake ilikuwa mu fomu yangu, pale pale mbele yangu. Glodi akabaambia hakuna Mbelu mu kwaya yake."

Mbelu aligeuka kitini kumtazama.

"Juu ya nini ulisema vile, Princesse? Weye ulikuwa umeshakamatwa mu bale makumi sita."

"Ningesema nini?" Princesse akamgeukia. Macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka tu. "Weye njo ulitafuta ile iniversite. Mi nilifika pale juu yako, sababu weye ulinifundisha. Ningebakia mule namna gani, na weye bamekufukuza juu ya kinywa yangu?"

"Balikuambia... balikuambia niliyosema juu yako?"

Princesse alirudisha uso dirishani. "Balinisomea," akasema.

Mbelu alianza kulia. Princesse hakumkataza, wala hakumbembeleza. Alifunga dirisha vumbi lisiingie, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. Hakuwa amelala.

Nyumbani Tata Kabeya alisikia matokeo akiwa amesimama. Mbelu alimwambia kwamba mahojiano hayakwenda vizuri, na baba hakuuliza zaidi. Aliingia ndani, akatoka na karatasi ya taasisi moja ya ufundi iliyo hapohapo mjini.

"Hesabu ni hesabu," akasema. "Utasoma hapa. Kwanza utabaki karibu." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomuumiza binti zaidi. Alijua kwamba baba yake amepata alichokuwa akikitaka, na kwamba hata hivyo moyo wake haukufurahi.

Princesse aliondoka kwenda Dilolo mwanzoni mwa Oktoba. Mbelu aliambiwa na jirani. Alikimbia mpaka kwa kina Kaumba, akakuta mlango umefungwa na Mama Florentine yuko sokoni. Baada ya wiki moja alimpigia simu. Nyuma ya sauti ya Princesse kulikuwa na makelele ya soko, wateja wakibishana Kireno.

"Uko muzima?" Mbelu akauliza.

"Niko. Kuko kazi mingi. Nitakupigia."

Hakupiga. Mbelu alijaribu tena mara mbili, kisha akamwandikia ujumbe mrefu wa kuomba msamaha. Aliuandika siku nne, akifuta na kurudia. Ujumbe ulifika, ukasomwa. Jibu lilikuja siku ya pili: "Ilipita." Neno hilo moja. Mbelu alilitazama muda mrefu, akitafuta kama kuna mlango ndani yake, asiuone.

Taasisi ilianza Novemba, katika ukumbi wa kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Profesa alikuja kutoka Lubumbashi mara moja kwa wiki mbili, akasomesha siku tatu mfululizo, akaondoka. Siku nyingine wanafunzi walikuja, wakakaa, wakarudi makwao. Wengi walikuwa na kazi, walisinzia. Msichana mmoja aliyeitwa Merdi alijaribu kuzoeana naye, akamwalika harusi ya dada yake. Tata Kabeya, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, alisema, "Enda tu." Mbelu akaenda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki tangu mwanzo mpaka mwisho, na watu walipomvuta kucheza alisimama, mikono haijui pa kwenda, akarudi kukaa. Alingoja ile furaha aliyoitunza muda wote ifike. Muziki ulikuwa mzuri. Watu walikuwa wema. Furaha haikufika, na alipotoka alijisikia kama mtu aliyekwenda kuchukua mzigo wake stoo akaambiwa hakuna kitu chenye jina lake.

Modeste alimuuliza Jumapili moja mbona amekuwa hivi. Walikuwa peke yao uani. Mbelu akamwambia yote, uongo wa kwanza na wa pili. Kaka yake alisikiliza huku akikwangua tope kwenye buti.

"Na Princesse eko wapi?"

"Dilolo. Eko anauzisha."

Modeste alikwangua buti la pili. "Ile haina dawa," akasema mwishowe. Hakumhukumu.

Karibu na Noeli, Mbelu alikutana na Mama Florentine sokoni, mbele ya meza yake ya samaki. Alitaka kupita upande mwingine, lakini mama alikwisha kumwona.

"Mbelu! Mwana wangu, unatukimbia?" Akamshika mikono yote miwili kwa mikono yake yenye harufu ya chumvi. "Usisikie haya. Princesse aliniambia yote."

Mbelu akajaribu kuvuta mikono yake. "Alikuambia, mama?"

"Aliniambia. Ile egzame ilikuwa nguvu sana, mukaanguka bote wawili. Sasa utafanya nini? Bantu mia ine! Mungu hakutaka." Alimpiga piga begani. "Weye ulimufundisha mwaka muzima bila kuchoka. Ile mi siisahau."

Hapo palikuwa na nafasi ya tatu ya kusema kweli. Mama alikuwa mbele yake, uso umefunguka, hakuna karani wala padri wala karatasi. Nzi walizunguka juu ya samaki. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yao akingoja kununua.

"Ndiyo, mama," Mbelu alisema. "Ilikuwa nguvu."

Mama Florentine alimfungia samaki wawili katika gazeti, akakataa kusikia habari ya malipo. Halafu akamwambia kwamba mdogo wake Princesse, Ariel, sasa yuko darasa la tano, na hesabu zinamsumbua kama zilivyomsumbua dada yake. Je, Mbelu angekuja Jumamosi kumwonyesha kidogo?

Mbelu alisema atakuja. Jumamosi ilipofika alikaa nyumbani, na Jumamosi iliyofuata pia. Baadaye mtoto Ariel mwenyewe alikuja kugonga, na kitabu mkononi. Mbelu alimsikia akigonga, akakaa kimya kitandani mpaka hatua zake zikaondoka.